Bibi harusi kaniambia picha za simu ya shangazi yake ni kali kuliko za kamera yangu. Wapiga picha njooni hapa

#1 Fremu Moja
Wakuu, habari za jioni. Naingia kwenye mada moja kwa moja.

Napiga picha za harusi hapa Dar. Mwaka huu nimejikusanya nikanunua vifaa vya maana: bodi ya kamera ya fulu fremu (yenye sensa kubwa, kile kipande kinachopokea mwanga), lenzi ya 24-70 f/2.8, 85 f/1.8, flashi mbili na trigga yake ya kuziwasha kwa mbali. Kwa ujumla vimelamba kama milioni tisa, na sehemu ya hela hiyo ni mkopo wa kikoba cha mke wangu, kwa hiyo mnaelewa usingizi wangu ulivyo.

Juzi nimekabidhi kazi. Bibi harusi kaangalia, kanijibu kwa ustaarabu kabisa: "Kaka, ni nzuri, ila za simu ya shangazi zimetoka vizuri zaidi. Uso wangu unaonekana." Akanitumia na mfano. Nimeziweka sambamba, na siwezi kubisha. Ukumbi ule ule, meza kuu ile ile, shangazi alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Yangu gauni linaonekana hadi shanga moja moja, uso umezama. Ya shangazi uso upo, gauni lipo, mpaka maua ya nyuma yapo.

Hivi vifaa vya kitaalamu bado vina faida gani, au tunalipia uzito tu?

#2 Kamati Kuu
Nimewahi siti ya mbele. Mimi ni mweka hazina wa kudumu wa kamati za harusi mtaani kwetu, na fungu la picha ndilo huwa tunaanza nalo kukata. Huu uzi nauprinti naenda nao kikaoni Jumapili.

#3 Tembo Mtata
Umepigwa mkuu. Simu za sasa zina megapikseli 200. Kamera yako ina ngapi? 24? Mjadala umeisha.

#4 Lumeni
Tembo Mtata, haujaisha, ndiyo kwanza unaanza. Sensa ya fulu fremu ina milimita 36 kwa 24. Hata simu zenye sensa kubwa kabisa, upana haufiki milimita 15. Hizo megapikseli 200 simu yenyewe inaziunganisha kumi na sita kumi na sita kuwa moja, ndiyo maana picha ya kawaida inatoka na megapikseli 12 hivi. Mwanga unaokusanywa na sensa kubwa ni mwingi zaidi, hilo halina ubishi.

Sasa kwa nini shangazi kashinda? Kwa sababu simu haikupiga picha moja. Ukibonyeza mara moja inachukua fremu kadhaa haraka haraka, nyingine za kulinda weupe, nyingine za kuinua giza, halafu prosesa inazichanganya. Google waliianza kazi hiyo zamani kwa jina la HDR+, Apple wakaja na Smart HDR mwaka 2018. Kamera ya Fremu Moja imechukua fremu moja tu (jina lake linamfaa) na ikamwachia yeye kazi ya kuiandaa. Tatizo ni programu. Vifaa havina kosa.

#5 Mzee wa Negativu
Lumeni umesema kweli ila umeruka chanzo. Mimi nilikuwa na studio toka enzi za filamu, kwa hiyo hili naliona kwa jicho jingine.

Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui bibi harusi ni nani. Kinachukulia kwamba ukichanganya kila kitu kilicho mbele ya lenzi unapata kijivu cha wastani, kile tulichozoea kukiita asilimia 18. Sasa mweke binti mwenye ngozi nyeusi ndani ya gauni jeupe lililojaa fremu nzima. Kamera inaona weupe, inasema "mwanga umezidi", inapunguza. Gauni linapona, uso unazama. Mgeuzie bwana harusi mweusi mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kamera inaongeza mwanga hadi paji la uso linawaka. Ni kipimo kile kile kinachokosea huku na huku.

Na hili halikuanza na dijitali. Maabara za Kodak zilikuwa zinasawazisha rangi kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke Mzungu, ikaitwa kadi ya Shirley. Ngozi zetu hazikuwemo kwenye hesabu. Waliolalamika wakasikilizwa ni watengenezaji wa samani na chokoleti, maana mbao na chokoleti zao zilikuwa zinatoka bila tofauti ya rangi. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990.

Fremu Moja, ulipima mwanga kwa namna gani? Fremu nzima au usoni?

#6 binti_kurasini
Kabla hajajibu hilo, ajibu hili: alimtumia picha kwa njia gani? Maana kama ni WhatsApp ya kawaida, ile inapunguza picha hadi upande mrefu unabaki na pikseli kama 1600 na kuikandamiza juu. Tokea 2023 kuna kitufe cha HD, lakini watu wengi hawakibonyezi. Tuma kama dokumenti, inafika kama ilivyo.

#7 Tembo Mtata
Lakini dada, hata ya shangazi si imetumwa kwa WhatsApp hiyo hiyo?

#8 binti_kurasini
Bibi harusi aliiona kwenye simu ya shangazi kabla ya kutumiwa. Simu nyingi za sasa zinapoonyesha picha zilizopigwa nazo zenyewe, zinaongeza mng'ao wa kioo sehemu zenye mwanga. Ukishaiona ikiwaka vile mara ya kwanza, hiyo ndiyo imebaki kichwani. Picha ya kaka yetu haina bahati hiyo.

#9 Fremu Moja
Najibu wote kwa mkupuo. Mzee wa Negativu, nilipima fremu nzima, kamera nimeiweka kwenye A (mimi nachagua tundu la lenzi, yenyewe inachagua kasi ya shata), tundu f/2.8, yaani limefunguka sana, na ISO, ule wepesi wa kupokea mwanga, otomatiki. Binti_kurasini, ni WhatsApp ya kawaida, albamu inafuata baadaye. Format ni RAW (data ghafi ya sensa) na JPEG (picha iliyokwisha kuandaliwa na kamera) kwa pamoja, ila nilizotuma ni zile JPEG, nimegusa rangi kidogo tu. Flashi niliielekeza juu darini ili mwanga urudi laini, kama mafundi wanavyofundisha YouTube.

#10 Nusu Shata
Hapo! Darini kulikuwa na nini?

#11 Fremu Moja
Vitambaa. Wapambaji walifunika dari lote, zambarau na dhahabu.

#12 Nusu Shata
Basi mimi naona hapo ndipo kesi ilipo, na Lumeni na Mzee mnisamehe. Flashi ya kurudisha juu inataka dari jeupe na la chini. Ukumbi wa Dar una dari la mita tano, juu yake vitambaa vya zambarau vinanyonya mwanga, kidogo kinachorudi kinarudi kikiwa zambarau. Halafu ongeza taa za MC, zile LED za bluu zinazozunguka. Kwenye sensa, nusu ya pikseli ni za kijani, robo nyekundu, robo bluu. LED ya bluu inajaza ile robo hadi inafurika na nyingine zinabaki hazina kitu. Ngozi inageuka rangi ya bilinganya na hakuna kuediti kutakakoirudisha.

Flashi zitoe juu ya kamera. Weka moja kwenye stendi upande wa meza kuu, mwavuli mweupe, trigga, umemaliza. Shangazi na simu yake hawezi kufanya hivyo, na hapo ndipo milioni tisa zinapoanza kulipa.

#13 Lumeni
Nusu Shata, kama dari ndilo lililoharibu, mbona shangazi ambaye hana flashi kabisa katoka salama?

#14 Nusu Shata
Kwa sababu shangazi alipiga picha wakati taa ya mpiga video inammulika bibi harusi usoni. Nakuhakikishia.

#15 Kamati Kuu
Sasa umekuwa shahidi wa harusi ambayo hukualikwa.

#16 Dereva wa Ndutu
Wakuu, mimi siyo mpiga picha, ni dereva na mwongoza watalii kanda ya kaskazini, ila nimekaa na hawa watu kwenye gari moja miaka mingi. Anayesema simu imemaliza kamera aje Ndutu, jirani na Serengeti, mwezi wa pili nyumbu wanapozaa. Duma katoka mbio mita mia moja na zaidi kutoka kwenye gari. Wenye simu wanapiga mbili tatu, wanaangalia, wanaona kidoa cha kahawia, wanakaa chini kula karanga. Wenye lenzi za milimita 400 au 600 ndio wanabaki wamesimama juu ya paa. Jioni chui anaposhuka mtini jua limeshazama, unasikia ISO 6400 tu zinatajwa, na picha zinatoka.

Ila hasara zake nazo nimeziona. Lenzi ya Sony 200-600 peke yake ni gramu 2,115, na ndege ndogo za kwenda mbugani nyingi zinataka mzigo wote usizidi kilo 15, nguo ndani yake. Nimeona mgeni kavaa makoti mawili juani uwanjani Arusha, mifukoni kajaza lenzi na chaja, ili begi lipite mzani. Na vumbi la mwezi wa tisa! Mtu akibadilisha lenzi ndani ya Land Cruiser, madoa anakuja kuyaona usiku, akifunga tundu la lenzi hadi f/16 anga lote lina vidoti. Mimi siku hizi nawashauri waje na bodi mbili, kila moja na lenzi yake, mpaka safari iishe hakuna kufungua. Tripodi waache nyumbani. Mfuko wa maharage juu ya dirisha unatosha, na safari ikiisha tunaupika.

#17 Tembo Mtata
Fremu Moja hapigi duma. Anapiga watu wanaokata keki.

#18 Dereva wa Ndutu
Kuna harusi watu wanakimbilia ndafu kwa kasi hiyo hiyo.

#19 Kuze Kibokoni
Hamjambo bara. Mie nawasoma kutoka Mombasa na sioni mtu akitaja kuvu. Hapa pwani hasara kubwa ya lenzi ghali ni hewa yenyewe. Waiweka kabatini kwenye begi lake la ngozi vizuri, mvua za masika zikipita waitoa, wamulika tochi, waona nyuzi nyuzi nyeupe ndani ya kioo. Hiyo yala rangi ya kinga ya kioo na ikishachimba hairudi. Simu haina shida hiyo, kila siku i mkononi na ina joto.

Dawa: silika (zile chembe za kunyonya unyevu) ndani ya sanduku la plastiki linalofunga kabisa, na kipimo kidogo cha unyevu humo ndani. Ikae kati ya asilimia 40 na 50. Ikishuka sana nayo si nzuri, mafuta ya lenzi yakauka. Na ukitoka kwenye gari lenye eisi usifungue begi pale pale nje, subiri vifaa vipate joto, ama utapiga picha za mvuke.

#20 Mzee wa Negativu
Kuze, sisi Tanga tulikuwa tunaanika lenzi juani.

#21 Nusu Shata
Na mimi niliwahi kuambiwa niweke kwenye gunia la mchele.

#22 Kuze Kibokoni
Mchele una vumbi, utaingia kwenye pete ya zumu. Jua lina wabishi wake: wengine wasema miale yaua kuvu, wengine wasema yayeyusha gundi ya vioo. Mimi natumia silika nalala.

#23 Tanga hadi Muscat
Salaam aleikum. Niongeze kuhusu kununua, maana naona vijana wengi wananipigia niwachukulie Dubai. Bei ni nzuri, lakini soma karatasi ya waranti kabla hujatoa pesa. Nyingi zinafanya kazi eneo lile tu, ikiharibika Dar ni wewe na fundi wako. Na anayeona Sony ya bei chee kutoka Japani awe macho, zilizotengenezwa kwa soko la ndani la kule kwa miaka mingi zimekuwa na menyu ya Kijapani peke yake. Kuna kijana hapa anajua kwamba kufomati kadi ni "mstari wa tatu ukurasa wa nne", siku wakimsasishia programu ya kamera mistari ikahama ataita mkalimani.

Kingine, kamera ikiwa imewekwa NTSC (mfumo wa video wa fremu 30 au 60) ibadilishe iwe PAL (wa fremu 25 au 50). Umeme wetu ni hezi 50. Ukipiga video kwa fremu 30 au 60 chini ya tyubu za ukumbi, picha inapepesa. Kasi ya shata 1/50 au 1/100, utulivu.

#24 Kamati Kuu
Kwa hiyo milioni tisa inataka chumba chake, kipimo chake cha unyevu, mkalimani na umeme wake. Hiyo ni mke wa pili.

#25 Nusu Shata
Kwa video Muscat kasema kweli. Mimi niliingia fani hii kwa sababu ya Canon 5D Mark II, kamera ya kwanza ya DSLR (zile kubwa zenye kioo ndani) kurekodi video. Kabla ya hapo harusi nzima ilikuwa na yule jamaa wa kamera ya begani na taa yake.

#26 Lumeni
Sahihisho dogo: ya kwanza ni Nikon D90, ilitangazwa Agosti 2008, ila video yake ilikuwa ya mistari 720. 5D Mark II ilitangazwa mwezi uliofuata, ikaja na 1080 kamili kwenye fulu fremu. Ndiyo iliyobeba sifa kwa sababu ya mwonekano wa nyuma kufifia.

#27 Nusu Shata
Hiyo 720 mimi siihesabu.

Lakini kuna kitu kinanisumbua mpaka leo. Kamera yangu ya zamani ilikuwa inazima video yenyewe kwenye dakika 29 na sekunde 59. Baba mzazi kashika maiki anatoa wosia, mimi nimekaza jicho kwenye fokasi, kumbe kitufe chekundu hakipo tena. Ni joto?

#28 Tembo Mtata
Joto hilo. Sensa kubwa inachemka.

#29 binti_kurasini
Mimi nilijua ni kadi. Zenye fomati ya FAT32 hazipokei faili moja zaidi ya GB 4.

#30 Lumeni
GB 4 ndiyo iliyokuwa inaizima 5D Mark II kwenye dakika kama 12, zaidi ya hapo bonyeza tena. Ile ya 29:59 ni habari ya ushuru: Ulaya kifaa kinachorekodi nusu saa na kuendelea kilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa zaidi, watengenezaji wakaona bora wakate sekunde moja. Kamera nyingi mpya hawakati tena. Joto lipo pia, ila hilo halina saa maalumu, linazima linapotaka.

#31 Mzee wa Negativu
Yaani wosia wa baba wa watu Kimara unakatwa na forodha ya Ulaya.

#32 binti_kurasini
Turudi kwa Fremu Moja. Kuna faida moja ya vifaa vya kitaalamu naona wanaume mnaipita: nafasi mbili za kadi. Kila picha inaandikwa mara mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 2018 Canon EOS R na Nikon Z6 na Z7 zilipotoka na nafasi moja, wapiga harusi walipiga kelele dunia nzima. Simu ya shangazi ikiibiwa kwenye daladala kabla haijapanda kwenye wingu, harusi imeondoka nayo.

Na ubaya mmoja: ukienda na kamera ndogo ya kisasa isiyo na kioo, wateja wanakuangalia vibaya. Mama mmoja kanambia "mwanangu, kamera yenyewe iko wapi?" nikiwa nimeishika. Siku hizi nafunga batri gripu (kishikio cha betri ya ziada kinachoikuza kamera) hata kama betri moja inatosha kutwa. Ni ya macho ya wazazi.

#33 Kamati Kuu
Hilo nathibitisha. Kikaoni huwa tunauliza "ana kamera kubwa?" Hakuna swali la pili.

#34 Fremu Moja
Nimerudi na mrejesho. Nimefungua RAW ile ile ya meza kuu, nimeinua giza kama stopu mbili (kila stopu ni mwanga maradufu), nimeshusha gauni kidogo, nimetoa zambarau shavuni. Uso umekuja. Chembechembe zipo kidogo kwenye nywele ila siyo za kukera. Kwa ile JPEG nilijaribu hivyo hivyo, ikatoka na mabaka shingoni.

Halafu nikazipeleka zote mbili, yangu na ya shangazi, zikachapwa kubwa Kariakoo, inchi 20 kwa 30. Kwenye karatasi ya shangazi rasta za bibi harusi zimegandana, programu imezipaka kama rangi, na ncha ya shela imepotea kwenye maua. Yangu unahesabu rasta.

Nikawaonyesha. Bwana harusi kachagua yangu. Mama wa bibi harusi kachagua ya shangazi, kasema humo mwanae kacheka kweli.

#35 Lumeni
Kwa hiyo ni programu, nilisema #4. RAW imefanyiwa kwa mkono kile simu ilichofanya yenyewe. Kuna kipengele kwenye menyu ya kamera chenye jina tofauti kwa kila kampuni, Active D-Lighting kwa Nikon, Auto Lighting Optimizer kwa Canon, DRO kwa Sony. Kiwashe JPEG zako zitakusogezea nusu ya safari.

#36 Mzee wa Negativu
Stopu mbili za kuinua ni stopu ambazo kipimo kilikunyima. Ungepima usoni usingekuwa na cha kuinua. Na huyo mama kasema neno ambalo hakuna kati yenu aliyeligusa: mbele ya shangazi binti kacheka, mbele ya milioni tisa kakaza taya.

#37 Tembo Mtata
Ni mara ngapi mtu anachapa inchi 20 kwa 30? Harusi zote nilizohudhuria picha zinaishia stetasi saa 24. Bado nasimama na simu.

#38 Nusu Shata
Na zambarau aliyoitoa shavuni ilitoka wapi kama siyo darini? Nyamazeni.

#39 binti_kurasini
Fremu Moja, kabla hujauza chochote kwa hasira: mkopo wa kikoba unaurudishaje? Kwa kuhesabu kazi au kwa kukodisha vifaa siku ambazo huna harusi? Mimi lenzi yangu ya 70-200 inaingiza zaidi ikiwa mikononi mwa wengine.

#40 Fremu Moja
Dada, wazo zuri, ingawa kuazima kamera kwa mtu anayepanda bodaboda nayo ni presha nyingine. Siuzi. Nimeagiza mwavuli na stendi kama alivyosema #12, na nimehamisha kipimo kwenda usoni kama alivyosema #5. Nikipata picha nzuri sijui nimshukuru nani.

#41 Jicho la Tatu
Samahani kuingilia uzi. Nina bodi ya 5D Mark III imetumika kidogo sana na lenzi yake ya 70-200 f/2.8. Mwenye uhitaji aje PM.

#42 Lumeni
"Kidogo sana" ni shata ngapi, yaani imepiga picha ngapi? Shata ya hiyo ilikadiriwa kudumu mara 150,000.

#43 Jicho la Tatu
Sijui zinaangaliwaje mkuu.

#44 Tembo Mtata
Pakia picha moja kwenye tovuti za kusoma EXIF (taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha), inakuambia.

#45 Lumeni
Hiyo ni kwa Nikon. Canon nyingi haziandiki hesabu ndani ya picha, inabidi uchomeke waya kwenye kompyuta na programu yake.

#46 Kuze Kibokoni
Na hiyo 70-200 imulike tochi kwa nyuma upige picha uiweke hapa hapa, si PM. Ilikuwa yakaa wapi, Dodoma ama pwani?

#47 Jicho la Tatu
Bagamoyo.

#48 Kuze Kibokoni
Tochi, ndugu yangu.